Dawa Uliyoizika Shambani

Mpendwa Baba,

Wewe umepumzika, sisi huku umetuachia kazi. Juzi nilitoka Chapwa mpaka Kamsamba, na joto lake lile, kwa sababu wageni walikuwa wanakuja kukagua shamba letu. Ni wanunuzi wanaotafuta mpunga wa kilimo hai, usioguswa na kemikali. Nikajua tumepita. Tangu utoto wangu tunatia samadi ya ng'ombe na kupalilia kwa mikono, maana ulikuwa bahili wa kununua mbolea ya dukani.

Wageni walizunguka majaruba yote ya mpunga, wakapenda. Kisha mmoja wao, dada mwenye daftari, akamuuliza Mama kama shamba lina dawa.

"Lina dawa, tena kali," Mama akajibu kwa fahari. "Marehemu mume wangu aliizika mwenyewe kona zote nne."

Daftari likafungwa. Nilitamani ardhi inimeze. Dada wa watu anaulizia dawa ya wadudu, Mama anamjibu dawa yako ya wezi!

Unakumbuka siku tuliyoizika? Mimi nilishika jembe, wewe vichupa. Nikachungulia, nikaona maji ya kisimani na majivu ya jikoni. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

"Usimwambie mama yako," ukasema. "Akijua yeye, kijiji kizima kimejua."

Nikakutii miaka yote, hata msibani kwako. Watu wakaogopa, mpunga haukuibwa, na Mama, mzee wa kanisa mzima, akalala usingizi wake kwa kutegemea majivu.

Sasa ningefanyaje? Hata ningesema ni kinga ya wezi tu, yule dada angetaka kujua kuna nini ndani. Ikabidi niseme ukweli mbele ya Mama. Tukafukua kichupa kimoja, wageni wakanusa, wakacheka, wakaandika kwamba shamba ni safi. Mpunga wetu umekubaliwa. Mama hakucheka.

Baba, nakupenda na nimekukumbuka sana, lakini umeniudhi. Ungemwambia mwenyewe ukiwa hai, angekununia wiki moja yakaisha. Sasa amehamishia godoro lake kwenye kile kibanda cha kufukuzia ndege, analinda shamba, na umri ule. Jana nimemsihi arudi nyumbani. Akasema hana ugomvi na wewe wala na mimi, ila niwaambie wezi waendelee kuogopa, ndipo arudi.

Pumzika, Baba, kama unaweza. Mama hawezi.

Ni mimi binti yako,
uliyemwachia siri.