Kikombe cha Dirishani

Nyumba ya Juu ya Ngazi,
McLeod Ganj, Dharamshala.
13 Novemba 2022

Mpendwa mdogo wangu Samdup,

Pokea salamu nyingi kutoka huku mlimani, ambako theluji imeshakaa kileleni lakini bado haijashuka kutusalimia. U hali gani? Mgongo je, bado unakusumbua tangu ulipobeba lile friji la watu? Na mkeo Kelsang, na binti yenu Nordzin ambaye nasikia ameanza kukataa nyama, hawajambo huko Toronto? Sisi tu wazima. Goti langu la kushoto linalalamika kila nikishuka ngazi, ila ni goti la miaka hamsini na saba, lina haki yake.

Najua utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Mara ya mwisho ulipopiga uliniuliza jambo, nikashindwa kukujibu nikasingizia mtandao. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa. Uliuliza kama Mama alikutaja siku zile za mwisho, nami sikuwa na la kukuambia kwa sababu sikumsikia akikutaja. Leo jibu ninalo, na nataka uwe nalo kwenye karatasi ili ulisome mara nyingi utakavyo.

Lakini kwanza nikushukuru. Ahsante kwa kuwasha taa ya siagi kila siku ya saba, hata ile Jumatano kengele ya moshi ilipolia na majirani wote wakatoka nje na nguo za kulalia. Hukuweza kuja kumzika kwa sababu ya karatasi zako za ukaazi, hilo tunalijua, na hakuna mtu hapa aliyekusema vibaya. Siku arobaini na tisa za safari ya roho ya Mama zimekwisha salama Jumatano iliyopita. Sasa naweza kumtaja bila hofu ya kumgeuza nyuma.

Sasa nikupe habari yenyewe. Unamkumbuka Lhakyi, binti wa fundi cherehani wa chini yetu? Ulipoondoka alikuwa na miaka minne na kamasi mpaka kidevuni. Siku hizi anatengeneza filamu, tena si mchezo. Majira ya baridi yaliyopita alikuja na kamera yake jikoni kwetu, akakaa na Mama asubuhi kama kumi hivi. Mimi nilikuwa nimeshashuka barabarani na sweta zangu, sikujua wanaongea nini. Nikimuuliza Mama, ananijibu, "Mambo ya wazee na watoto haya. Wewe uza sweta."

Basi Mama akafariki tarehe ishirini na mbili Septemba, na filamu ya Lhakyi ikapangwa kuoneshwa kwenye tamasha la filamu na utamaduni wetu, pale ukumbi wa shule. Nikahesabu kwa vidole. Ilikuwa inaangukia siku ya arobaini na saba.

Samdup, nilikosa usingizi. Unajua tulivyolelewa. Picha yake tuliigeuza ukutani, jina lake hatukulitaja, machozi tuliyameza, ili asikumbuke nyumbani akapotea njia. Nguo zake na vyombo vyake tukavigawa, hata kile kikombe cha mti chenye ukingo wa fedha kilichokaa dirishani. Nilimpa Bibi Phurbu, jirani yetu, kwa kuwa ndiye aliyemwosha miguu Mama alipougua. Kila asubuhi Mama alikuwa akikijaza chai kile kikombe na kukisahau palepale. Jioni mimi naimwaga kwenye chungu cha maua na kumwambia, "Mama, umesahau chai yako tena." Anacheka tu, nami nasema moyoni, uzee huo.

Sasa tumefanya yote hayo, halafu siku mbili kabla hajafika aendako asimame ukutani, mkubwa kama nyumba, aongee kwa sauti yake mbele ya watu mia tatu wanaomlilia? Si angegeuka tu? Mimi ningegeuka.

Nikateremka kwa Lhakyi na maneno makali nimeyapanga mdomoni kama mtu anayekwenda kugombania maji bombani. Nikamkuta anabandika matangazo ya tamasha. Kabla sijafungua kinywa akasema, "Shangazi, nimeshaiondoa."

"Umeiondoa nini?"

"Filamu. Nilihesabu siku tangu juzi, nikawaambia waandaaji waitoe kwenye ratiba."

Nikamuuliza, na wale waamuzi waliotoka Kathmandu kwa ajili ya kutoa tuzo? Na mwaka wako mzima wa kazi? Akaendelea kupaka gundi. "Filamu yangu haina haraka," akasema. "Bibi ndiye aliye safarini."

Nilibaki pale nikimshikia ndoo ya gundi mpaka matangazo yakaisha, na sikumwambia hata ahsante, nilivyo mjinga.

Tamasha lenyewe lilinoga. Kulikuwa na ngoma, maandazi ya momo ya nyama, wali wa zafarani, na filamu za vijana wetu kutoka kila pembe walikotawanyika. Ngoja nikuchekeshe kidogo. Filamu moja ilikuwa na lama, mtawa mkuu, anayewabariki wachungaji. Alipotokea tu, Bibi Phurbu akainuka, akavua kofia, na safu nzima ya wazee ikainuka naye. Nyuma hatuoni kitu. Bibi akaenda mpaka mbele akatundika kitambaa cheupe cha heshima kwenye kona ya pazia la filamu, akainamisha kichwa abarikiwe. Na lama mwenyewe, mwenzangu, ni Jampa muuza nyanya, na alikuwa amekaa kiti cha nyuma yangu anatafuna karanga.

Vijana wakampigia kelele Bibi: "Huyo ni Jampa wa nyanya!"

Bibi akageuka akawaambia, "Namjua. Nyanya zake zimeoza. Mavazi aliyovaa hayajaoza." Akarudi kukaa. Jampa alishindwa kumeza. Tangu siku hiyo anamchagulia Bibi nyanya nzuri.

Tamasha likaisha Jumanne. Jumatano tukafunga siku za Mama kwa taa mia moja na nane, na watawa wakasoma mpaka koo zikakauka. Nilidhani mambo yamekwisha hapo. Jioni Lhakyi akaja kuniuliza kwa adabu kabisa kama ninaruhusu aioneshe filamu kesho yake, siku ya hamsini, maana ukumbi amepewa na Mama sasa amefika. Nikamwambia onesha. Nikamwambia pia kwamba waamuzi wa Kathmandu wameshaondoka na tuzo wamempa mwingine, nani atakuja kutazama? Akasema hata tukiwa wawili.

Hatukuwa wawili. Wale wazee kutoka kambi za wakimbizi wenzetu za kusini, safari ya siku mbili na zaidi, walikuwa waondoke kwa basi Jumatano hiyo hiyo. Waliposikia, wakakataa kupanda. Dereva akawafokea. Mzee mmoja wao akamwambia, "Kijana, tumekaa ugenini miaka sitini. Siku moja zaidi itatuua?" Wakalala kwenye madarasa, juu ya madawati. Ninawashukuru mpaka leo, na wengi wao hata majina yao siyajui.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Taa zikazimwa, na huyo Mama, amepiga magoti mbele ya jiko letu na aproni yake ile yenye kiraka. Hakuna aliyelia. Wazee walianza kumsemesha kana kwamba wamepita kumsalimu. Alipotia siagi kwenye chai, mmoja akamwambia kwa sauti, "Ongeza, usitubanie." Na Mama palepale, kule ukutani, akaongeza. Ukumbi ulicheka vibaya.

Halafu ikasikika sauti ya Lhakyi ikimuuliza, "Bibi, kile kikombe cha dirishani ni cha nani?"

Mama akajibu, "Cha Samdup."

Nakuandikia yale aliyosema kama alivyosema, maana Lhakyi amenirudishia filamu mara tatu niyanukuu.

Alisema: "Siku anaondoka tuligombana. Mimi sikutaka aende. Nilimmiminia chai, hakuigusa. Gari likapiga honi kule chini, akachukua begi akatoka. Yeye anadhani alinitusi. Namjua mwanangu, ataibeba hiyo chai mgongoni mpaka azeeke. Lakini hebu niambie, msafiri si huachiwa kikombe kimejaa ili arudi? Si ndivyo tunavyofanya? Basi yeye amekiacha kimejaa mwenyewe. Mtoto anayetaka kutupotea angekunywa akamaliza. Mimi najaza tu, isipoe sana."

Lhakyi akamuuliza kwa nini hakuambii kwenye simu. Mama akasema, "Nimwambie namngoja ili ashindwe kula? Karatasi zake bado. Mwache ale."

"Na Shangazi Yangdzom, yeye anajua?"

"Huyo? Angelilia ndani ya kikombe, na chai yetu tayari ina chumvi."

Watu walicheka, wakageuka kunitazama, na mimi nalia kama alivyotabiri. Ilikuwa siku ya hamsini, ruhusa ninayo. Miaka kumi na tisa, Samdup, nimemwaga chai yako kwenye maua na kumwita mama yangu msahaulifu.

Katikati ya kilio nikakumbuka, na moyo ukanipasuka: kikombe nimekigawa. Na unajua, kilichotolewa kwa ajili ya marehemu hakidaiwi. Ni aibu kwako na ni kumnyang'anya marehemu thawabu zake. Nikamtafuta Bibi Phurbu kwa macho kwenye giza. Kiti chake kilikuwa kitupu. Nikasema moyoni, ameondoka mapema nisije nikamwomba. Nilimsengenya hivyo usiku kucha, Mungu wa rehema anisamehe.

Asubuhi mlango ukagongwa. Ni yeye. Ana miaka themanini na moja, na amepanda ngazi zetu tisini na kikombe mikononi, mikono yote miwili, kimejaa chai ya moto mpaka ukingoni. Sijui aliwezaje. Matone mawili tu ndiyo yalikuwa kwenye mkono wake. Kumbe alikwenda kukisugua ukingo kwa majivu ung'ae.

Nikamwambia, "Bibi, nilikitoa kwa ajili ya Mama. Siwezi kukipokea."

"Ulitoa kisicho chake," akasema. "Kikombe ni cha Samdup, na Samdup mzima. Mali ya aliye hai haigawiwi. Nipishe, mikono inatetemeka." Akanipita, akakiweka dirishani palepale kilipoacha alama ya duara kwenye mbao, akakaa kupumua.

Ndipo nikapata jibu lako, nikiwa nimesimama pale nakitazama. Asubuhi ya mwisho sauti ya Mama ilikuwa imekwisha. Alinyoosha kidole dirishani. Nikafunga dirisha. Akanyoosha tena. Nikadhani bado anasikia baridi, nikamfunika blanketi la pili. Akanitazama vile alivyokuwa akinitazama nikikosea hesabu ya vishono, akatabasamu, akaacha. Siku ile kikombe kilikuwa kitupu, maana mwenye kukijaza alikuwa amelala kitandani.

Kwa hiyo nilikosea kukaa kimya kwenye simu. Alikutaja. Mimi ndiye niliyefunga dirisha.

Mdogo wangu, nimekaa na hili siku tatu, na ajabu ni kwamba sina uchungu. Nina shukrani tupu. Namshukuru Lhakyi aliyeuliza swali ambalo mimi, binti wa nyumba, sikuuliza miaka kumi na tisa, kisha akakubali kukosa tuzo ili Mama apite salama. Nilimfumia sweta nyekundu, na safari hii nilimwambia ahsante kwa kinywa. Wewe nawe mwandikie. Atakutumia filamu. Usiitazame ukiwa peke yako, mkalishe Nordzin pembeni aone bibi yake anavyobana siagi.

Na tafadhali, hiyo chai itue mgongoni sasa. Haikuwa tusi. Mwenyewe amesema.

Bibi Phurbu anakusalimu na anauliza kama huko kuna nyanya nzuri. Jampa anakusalimu, amejaribu kutubariki wote tukamkatalia. Fundi cherehani na mkewe wanakusalimu sana. Mpe Kelsang salamu zangu, na umbusu Nordzin kwenye paji la uso. Uishi miaka mingi, maradhi yakuepuke, na karatasi zako zitoke ningali naweza kupanda ngazi.

Ninajaza kila asubuhi kabla sijashuka na sweta. Leo nimeongeza siagi, sikukubania.

Dada yako akupendaye kuliko anavyoonesha,

Yangdzom