Kesho Watanipa Mutoto Mikononi

Dada yangu Nsimire,

Kama huko uliko kuna mutu anayekuuliza nani mukubwa wa yoga katika Zaïre nzima, mujibu bila haya: ni kaka yangu Bisimwa. Hapa Bukavu hakuna asiyejua. Juzi mutu mumoja alifika kutoka Kisangani, akasema hata kule wanauliza habari za muzee wa Nyawera anayesimama kwa kichwa tangu misa ya kwanza mpaka misa ya pili, bila kofia kuanguka. Nilimuambia ni kweli kabisa, ila mambo ya kofia wameongeza.

Usicheke. Ninakujua, ukicheka unafunika mudomo na kikwembe.

Ninakuandikia katika daftari ya zamani ya Furaha, kwa zile kurasa za nyuma alizoacha. Mimi niliishia primaire ya tano, herufi zangu zinatembea kama watu wanaotoka kunywa pombe ya kasiksi. Lakini leo zinayumba kwa sababu nyingine. Dada, niko na woga. Niko na woga mukubwa, na mutu wa kuambia ni wewe tu, sababu wewe hutarudi sokoni kunisema.

Habari nzuri kwanza. Binti yako Furaha amezaa. Mutoto ni mwanamuke, iko muzima, na mama yake muzima. Kitovu kimekwisha kuanguka. Jina wamemupa lako, Nsimire. Kesho baada ya misa wanamuleta mu depo, lile ghala la kahawa, ili kikundi chetu cha yoga kimupokee, na mutu wa kumubeba ni mimi. Hapo ndipo shida yangu ilipo.

Depo yako bado inanuka kahawa, miaka yote hii tangu gunia la mwisho litoke. Bati moja limefunguka upande wa barabara, mvua inaingia, tumeweka sufuria. Sasa Maman Faida ndiye anayeongoza, yule wa makala. Anahesabu pumuzi kama anavyohesabu makopo ya makala yake, hakuongezei hata kidogo. Wewe ulikuwa unaongeza.

Ninakumbuka ulivyoanza. Ulikuwa unafagia kwa Madame kule Muhumba, na mbele ya mulango wa sebule ulifagia polepole sana ili uone wazungu wanavyojikunja. Jioni unarudi Kadutu, unatandika mukeka, unanionyesha. Nilikuambia: hawa watu wamekosa shamba ya kulima. Halafu zikaja zile siku waliposema mali ya wageni inakuwa ya Wazaïrois. Madame akafunga masanduku yake, akakuachia mikeka kumi na mbili, akasema endelea. Wengine walirithi maduka na camions za mizigo. Wewe ulirithi mikeka. Nilikucheka wiki nzima. Sasa ninapita mbele ya yale maduka, ni rafu tupu na buibui. Mikeka iko.

Ukaita wamama wa soko, wale waliobeba makala kutoka mulimani mpaka migongo yao ikapinda kama ndoana. Uliwalaza chini. Ulisemaka: ingiza pumuzi, sasa acha itoke, siyo yako, inapita tu. Mutu wa kwanza kulala na kukoroma alikuwa mimi, ninakubali, lakini nilikoroma kwa mupango.

Na usisahau nani aliokoa kikundi. Mutu wa chama alikuja kuuliza hii ni dini gani isiyo na karatasi, wamama wote wakageuka mawe. Nani alisimama? Nilimuambia: Citoyen, hii ni authenticité yenyewe, desturi yetu ya asili, mababu walikuwa wanajikunja hivi hivi mpaka mukoloni akaja kuwanyoosha. Akaandika yote. Alikasirika tu kwamba miguu ya wamama inaelekea picha ya Mukubwa wa inchi ukutani. Tukageuza mikeka. Picha ilikwisha kuanguka kwa unyevu, na mpaka leo mikeka bado imegeuzwa.

Sasa nikuambie ya Furaha.

Bwana yake alienda Kamituga kutafuta dhahabu wakati mimba ilikuwa na miezi mitatu. Alituma kikwembe kimoja kwa mikono ya muchuuzi, halafu kimya. Kwa hiyo mwanaume wa nyumba nikawa mimi. Nilimuambia: usiogope, mwanangu, tonton wako, mujomba huyu, alitoka ndani ya shimo la Kamituga na jiwe la kilo mia mugongoni, mulima ukianguka nyuma yake. Alicheka. Mimi sikucheka. Kila mwezi tumbo lake lilivyoongezeka, lilikuwa linachongoka mbele kama la kwako lile la mwisho. Alikuwa anashika kiuno kama wewe. Alikuwa anapenda udongo wa kichuguu kama wewe. Nikawa siwezi kumuangalia kutoka shingo kwenda chini. Nikawa nakula nusu ya sahani na kusema nimekula kwa rafiki.

Siku yenyewe ilikuwa jumamosi, asubuhi ya Salongo. Unajua Salongo ilivyo: hakuna gari kupita, hakuna duka kufungua, kila mutu na jembe au ufagio mpaka kazi ya mutaa imalizike. Wamama wa kikundi walikuwa wamepewa kufagia mbele ya depo. Furaha aliketi ndani, akikunja mikeka. Maman Faida akatoka mulangoni akaniita: "Bisimwa! Chupa imepasuka. Tafuta gari, mbio!"

Watu wa Nyawera watakuambia kwamba nilishuka barabarani, nikainua mukono, nikaamuru barabara ifunguliwe. Ni mimi niliyewaambia hivyo. Wewe nitakuambia vile ilikuwa. Nilifika kwenye kizuizi, nikasema mimi ni ndugu wa karibu wa mukubwa fulani, ninahitaji gari la kushuka Ibanda, hospitali. Yule kijana wa kizuizi akaniangalia viatu. Akasema: "Papa, ndugu ya mukubwa iko wapi na jembe yake?" Nikasema: mwanangu anazaa. Akasema: "Asubuhi hii peke yake nimesikia habari tatu za kuzaa." Ni hivyo, dada. Siku niliyosema kweli, kweli ilikuwa imekwisha kutumiwa na wengine. Akanipa jembe, akanionyesha mufereji.

Mufereji ule unapita chini ya ukuta wa depo. Kwa hiyo nilichimba. Juu yangu, kupitia lile bati lililofunguka, niliwasikia wamama wote wakimuhesabia Furaha kwa sauti moja: ingiza, acha. Ingiza, acha. Na mimi chini nachimba: ingiza, acha. Matope mpaka magoti. Sijui ilikuwa muda gani. Nilichimba sehemu yangu na sehemu ya jirani.

Halafu wakanyamaza.

Dada, mimi ninaujua ule unyamavu. Nilisimama na jembe juu, sikulishusha. Niliona muchanga unaingia katika maji, niliona kiatu cha mutu fulani, kamba yake ya buluu. Nilisema moyoni: Nsimire, huyu muache. Nilikuambia hivyo, sijui kama ulisikia. Muache, uko na mumoja tayari.

Mutoto akalia. Alilia kama muuza mukate. Wamama wakapiga vigelegele mpaka yule kijana wa kizuizi akatupa kofia yake chini. Maman Faida akatoka mulangoni na mutoto amefungwa ndani ya kikwembe kile cha Kamituga, akaninyooshea: "Njoo, tonton! Kamata mutu yako!" Nikainua mikono yote mbili. Nikasema: iko na matope.

Tangu siku ile mikono yangu haijakauka. Siku ya pili nilikuwa na kikohozi. Siku ya tatu nilijikata kidole, kidogo tu, nikakifunga kitambaa kikubwa. Furaha ameanza kuona. Jana aliniuliza: "Tonton, juu ya nini haubebake mutoto?" Nikamuambia mutu aliyebeba mawe ya kilo mia mikono inakuwa mizito, inaweza kuumiza kitu laini. Maman Faida alikuwa anachambua maharagi pembeni. Akasema: "Bisimwa, wewe njo ulituambia ulibebaka jiwe kwa meno? Basi mutoto umubebe kwa meno." Wakacheka wote. Nikacheka pia. Nikatoka inje.

Sasa nikuambie kitu ambacho sikumuambia padri.

Siku ile yako, miaka miwili imepita, ulipozaa kabla ya wakati, Maman Faida na wengine walikuwa wanapigana na damu yako. Hakuna aliyekuwa na mukono mutupu. Wakanipa mutoto. Alikuwa mwanaume, alikuwa mudogo, alijaa katika viganja vyangu viwili na nafasi ilibaki. Nilikwenda naye nyuma ya mulango ili nisikuone. Watu wote wanajua kwamba alizaliwa amekwisha kufa. Mimi niliwaambia. Siyo kweli. Alivuta pumuzi. Nilihesabu, kama ulivyonifundisha. Alivuta, akaiacha. Alivuta, akaiacha. Mara kumi na moja, dada. Nilingoja ya kumi na mbili. Mpaka leo ninangoja.

Halafu ukauliza kutoka kitandani, sauti ndogo: "Bisimwa, juu ya nini halie?" Nikasema: analala, dada. Amelala vizuri, anafanana na papa wetu. Ukacheka kidogo, ukafunika mudomo. Adhuhuri ukaenda, ukamufuata.

Maisha yangu yote nimedanganya watu, unajua, nimewadanganya mpaka wazungu. Lakini uongo ule tu ndio ninaoubeba. Ninajua sasa ulikwisha kumuona na kujua. Kama umekasirika, niambie kwa ndoto, lakini usinitumie hasira kupitia kwa mutoto huyu. Ninakuomba. Ndiyo woga wangu. Ninaogopa kwamba shida iko katika hii mikono. Kwamba kesho wataniwekea Nsimire mudogo, naye atahesabu mpaka kumi na moja.

Na sheria ni yako! Ni wewe uliyeweka kwamba mutoto wa kikundi anapokelewa hivi: mukubwa wa upande wa mama anamubeba, anapita mukeka kwa mukeka, na kila mutu aliyelala anavuta pumuzi moja pamoja na mutoto, ili ajue hakuja kupumua peke yake. Niliposikia sheria hiyo mara ya kwanza nilikuambia ni nzuri sana. Sikujua mukubwa wa upande wa mama, siku moja, atakuwa mimi. Nilimuomba Maman Faida achukue nafasi. Hakutania. Akasema: "Hapana, Bisimwa. Mimi njo nilikupa ule mwingine. Huyu pia nitakupa mimi." Kumbe anajua alipumua, dada. Miaka miwili anajua, na kila jumamosi ananitandikia mukeka karibu na dirisha, mahali pa hewa.

Basi ninafunga barua. Mwanga wa dirisha unaisha, mvua inakuja kutoka ziwani. Ubaki salama na yule mudogo; muambie mujomba wake hakusahau hesabu. Ninakuahidi hivi: kesho nitamubeba. Nitanawa mikono mbele ya watu wote ili nisipate cha kusema. Nitapita mikeka yote kumi na mbili, sitamupa mutu katikati ya njia. Akinyamaza, sitakwenda nyuma ya mulango. Nitabaki mahali Furaha ananiona, nitangoja pumuzi yake inayofuata. Na Furaha akiniuliza mutoto iko namna gani, nitamuambia vile iko, bila kuongeza kitu. Siku Furaha akipata nguvu kidogo, nitamuambia pia kwamba alikuwa na ndugu aliyepumua.

Kaka yako,
Bisimwa

Nimebakiza kitu kimoja, kidogo, usimuambie mutu huko. Tangu siku tatu ninajifunza na kifuko cha unga ya muhogo, kilo tatu, nimekifunga ndani ya kikwembe chako cha kijani. Ninazunguka nacho chumbani, kichwa chake juu ya mukono wa kushoto kama Maman Faida anavyofanya. Leo asubuhi alipita dirishani na kikapu chake, sijui aliona nini. Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba, ninakipigapiga mugongo polepole, sababu niliona kama kinataka kulia.