Picha Ilifika, Sauti Haikufika

Bulla Pesa,
Isiolo.
Jumapili, 9 Novemba 2025

Mpendwa ndugu yangu Wario,

Assalamu aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Nagaa, amani ipo? Watu wako ni salama? Kazi ni salama? Joto la Doha limepungua? Najua huko huna ng'ombe, lakini nikiruka swali la ng'ombe Mama atasema sijakusalimia, kwa hivyo: ng'ombe ni salama? Saadia hajambo? Na mtoto, ananyonya vizuri, analala? Sisi huku tunapumua, alhamdulillahi. Mvua imenyesha mara mbili, vumbi la barabara ya Garbatulla limetulia kidogo, na mbuzi wetu wa Kinna wameanza kurudisha nyama mwilini.

Barua hii nimempa Hoda wa jirani, anayerudi kazini huko, kwa sababu simu zangu hushiki na kikundi cha familia ulitoka bila hata kwaheri. Wewe na kununa mlizaliwa siku moja. Nimeandika Kiswahili ili mkeo naye aisome mwenyewe, maana inamhusu. Tafadhali usiichane kabla ya kufika mwisho.

Ujumbe wako wa mwisho nimeusoma mpaka nimeukariri. Ulisema ulimwinua mtoto mbele ya Mama, mtoto mliyempa jina la Mama, Qabale, naye Mama akamtazama, akasema hakuna mtu hapa, akaniita nije nizime, akawapa mgongo. Ukasema sasa umejua kwamba Saadia, binti ya Mzee Lobokat wa Burat, hatakubaliwa kwetu kwa kuwa ni Mturkana, na mtoto wake pia hatakubaliwa. Wario, mambo hayakuwa hivyo. Nitakueleza yote, lakini itabidi nipitie kwenye runinga na waya kwanza, kwa hivyo vumilia.

Uliponunua ile runinga uliniuliza maana ya maneno yaliyoandikwa kwenye boksi, nami nikakucheka, nikasema mtu anayepakia mizigo mikubwa kwenye ndege anashindwa na boksi. Leo nakujibu. Bila maneno hayo hutaelewa kilichotupata.

Ile 4K ni hesabu ya nukta. Picha ya runinga ni nukta za mwanga zilizopangwa kama shanga kwenye mkanda. Shanga zikiwa ndogo na nyingi, ua linaonekana ua. Runinga nzuri ya kawaida ina nukta milioni mbili hivi, na hiyo yako ina kama milioni nane. Lakini king'amuzi chetu hakileti nukta nyingi hivyo, basi runinga inajijazia yenyewe kwa kukisia. Mama alipoanza kusema picha ina ukungu, niliamini tatizo ni hilo.

HDR nayo ni upana wa kutoka giza hadi mwangaza, ili ng'ombe mweusi aliyesimama kivulini asipotee na jua lisiunguze picha nzima. Nikaiwasha. Mama akasema ukungu bado. Zile hertz ni mara ngapi picha inabadilishwa kwa sekunde moja. Zikiwa chache, mpira ukipigwa unaacha mkia. Nikazibadilisha pia. Halafu nikaleta kutoka dukani kwangu waya mpya wa HDMI, ule mmoja unaobeba picha na sauti pamoja, nikautoa wa zamani. Mama akavuta kigoda mpaka pua ikakaribia kioo, akasema, "Sasa ni afadhali, mwanangu." Nilirudi dukani nimefurahi kama mjinga.

Sasa njoo kwenye sauti, maana hapo ndipo tulipoumia. Ile spika ndefu uliyotuma ilazwe chini ya runinga inaweza kupokea sauti kwa bluetooth, yaani kwa hewa bila waya, lakini kwetu ilichelewa: midomo inatangulia, maneno yanafuata nyuma. Mimi sikuvumilia hilo. Kwa hivyo nikatumia waya wa mwanga, ule mwembamba ambao ncha yake inang'aa nyekundu. Huo haubebi picha hata kidogo, ni sauti tu. Na ili sauti isitoke mara mbili, nilinyamazisha spika za runinga yenyewe. Shika hapo: picha ilikuwa na njia yake, sauti ikawa na yake.

Siku ile uliyopiga, niliunganisha kompyuta ya dukani, nikamwacha Mama na wewe, nikaenda jikoni kuchemsha chai. Mkasalimiana vizuri, niliwasikia. Halafu Mama akavuta kigoda karibu, kama kawaida yake, na mguu wake ukagonga meza. Ule waya wa sauti ukachomoka. Kuanzia hapo wewe ulikuwa unatusikia, kwa sababu kompyuta ina masikio yake, lakini sisi hatukukusikia. Picha yako ilikuwepo, imejaa ukuta mzima, safi, nukta zote milioni nane.

Kumbuka, Wario. Alikuita. Alisema, "Wario? Wario?" Nawe ukafikiri anakuharakisha, ukamjibu kwa kumwinua mtoto. Mama alikuwa mbele ya uso wako na uso wa mjukuu wake, na hakuona kitu. Alisikia kimya. Akasema hakuna mtu hapa, Zeinab njoo uzime, akainuka kwenda kuswali alasiri. Nilipofika na chai ulikuwa umeshakata. Niliona waya unaning'inia na ncha yake nyekundu, nikaurudisha, nikamwambia Mama mtandao umekusumbua.

Ujumbe wako ulipoingia nilimwendea kwa hasira, nikamuuliza amemfanyia nini mtoto wa watu. Akaniuliza, "Mtoto gani?" Nikadhani ananichezea. Nikachukua ile picha ya mtoto uliyotuma, nikaiweka kwenye runinga, ikajaa, nikasimama pembeni bila kusema neno. Mama akakaa. Akageuza kichwa upande wa mlango, akauliza, "Mbona umenyamaza? Umewasha nini?" Ndugu yangu, niliketi chini sakafuni nikalia kama siku tuliyomzika Baba.

Nilimpeleka kwa daktari wa macho, naye anauita ugonjwa huu presha ya macho. Haiumi, haina kelele, inakula pole pole kutoka pembeni mpaka katikati. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto limebakiza mwanga kidogo. Matone aliyopewa yanalinda kilichobaki, lakini kilichopotea hayakirudishi, na hata hicho kilichobaki daktari hakuthubutu kuniambia kitadumu kiasi gani. Ukungu ule haukuwa kwenye runinga hata siku moja.

Utauliza alituficha vipi. Salamu, Wario. Sisi Waborana tunasalimiana mpaka chai ipoe, na yeye alizirefusha zaidi: watu ni salama, mifugo ni salama, mvua je, safari je. Kabla hujafika mwisho ameshakujua kwa sauti. Kila Ijumaa alikwambia umenenepa, nawe ukafurahi kwamba anakuona. Alikuwa anakisia tu. Nilipomuuliza kwa nini, alisema runinga ulimnunulia wewe kwa jasho lako, angekwambiaje kwamba hawezi kuitazama?

Kuhusu Saadia, nisikilize vizuri. Ni kweli Mama alinyamaza uliposema umeoa. Ulioa bila kumuuliza, na mzazi ana haki ya kununa kidogo. Kununa huko si wewe ndiye uliyerithi? Lakini siku moja baada ya kujua habari ya mtoto, alivaa nguo ya Idi, akanishika mkono, akasema nimpeleke Burat kwa wakwe. Sikumpeleka kwa gari, alikataa. Alisema mkwe hafikiwi kwa honi. Mzee Lobokat alimpokea mlangoni, akamshika mkono mwingine. Walikaa wawili hao wakazungumza juu ya ukame wa zamani na juu ya watoto wasiopiga simu. Mama amemtengea mjukuu wake mbuzi jike, kijivu, na alimchagua yeye mwenyewe kwa kupapasa masikio na mgongo. Alipita mbuzi wote wa boma kabla ya kuridhika. Mwambie Saadia hivyo, kwa maneno hayo hayo.

Kila Ijumaa Mama hukaa na spika ile imewashwa, ananiambia niipandishe sauti, isije ikawa umepiga na hatukusikia. Mpigie. Ukipiga, usisubiri akuone. Sema wewe ni Wario, halafu mweke mtoto karibu na simu, hata akilia ni sawa. Mtoto akilia Mama atajua yupo.

Lakini simu haitoshi, na runinga nyingine usitume, hata wakikwambia kuna yenye nukta milioni mia. Daktari alimsogezea mkono wake jichoni polepole, na ulipofika upana wa kiganja kimoja, Mama alisema, "Hapo. Hivyo ni vidole." Kiganja kimoja, Wario. Huo ndio umbali aliobaki nao. Na mimi nauza vitu hivi, ninavijua: ukisogeza jicho kwenye kioo cha runinga mpaka upana wa kiganja, hata kile kizuri kuliko vyote, sura inavunjika, unabaki na nukta. Sura ya mtoto mwenyewe haivunjiki. Mlete.

Jirani yetu Umuro anakusalimu, anasema akija mjomba mdogo wa shemeji yake huko umpokee. Shangazi Isnino anakusalimu na anauliza mtoto amefanana na nani, nimemwambia asubiri. Msalimie sana Saadia, mwambie wifi yake anamsubiri na chai ya viungo. Mwenyezi Mungu awalinde, awape riziki ya halali, na akibakize kile kidogo kilicho katika jicho la Mama mpaka mfike.

Yeye yuko hapa kando yangu ninapoandika. Ameniuliza karatasi imejaa? Nimemwambia imejaa. Amesema basi ongeza mstari mmoja: kwamba siku ile aliita mara mbili, na angejua uko hapo angeita mpaka kesho.

Dada yako anayekupenda hata ukinuna,
Zeinab