Belyse Anataka Chumba Chake

Jumatatu, 3 Februari

Belyse yuko jikoni kwangu. Anakula ugali wa jana kwa mkono mmoja, mkono mwingine uko kwenye simu. Leo wameniletea rasmi. Mtoto wa mdogo wangu, anayekaa ghorofa nne tu chini yangu, analetwa na gari la manispaa! Tungeweza kutumia lifti.

Shuleni waliona mgongo wake wakati wa kubadilisha nguo za michezo. Mwalimu akapiga simu sosialen — ndivyo tunavyoiita ofisi ya ustawi hapa Alby, hata bibi asiyejua neno jingine la Kiswidi anajua hilo. Sixte, mdogo wangu huyo, alimpiga kwa waya wa chaja. Waya! Friji tupu nilikuwa najua. Tangu Emérithe, mama yake Belyse, afariki, Sixte anakwenda kazini ghalani Jordbro na harudi siku mbili tatu. Ana mwanamke huko. Mimi napeleka sufuria. Nilidhani shida ni chakula.

Nimelia kidogo bafuni, nikafungulia maji asisikie. Kisha nikatoka nikampa taulo.

Jumatano, 5 Februari

Amekuja yule msichana wa sosialen, Jasmin. Mpole. Amevua viatu mlangoni bila kuambiwa na soksi yake moja imetoboka. Nimempenda hapo hapo. Halafu akaharibu.

Alimwuliza Belyse anataka nini. Nikajibu mimi: anataka utulivu, atakaa hapa, baba yake atapoa, tutaongea kama watu. Jasmin akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Belyse na kumwuliza tena swali lile lile. Kana kwamba mimi nilikuwa redio inaongea.

Belyse akajibu kwa Kiswidi, macho chini. Anataka chumba chake. Kuna nyumba Flemingsberg ya vijana wa miaka kumi na sita kwenda juu — kila mtu na chumba, jiko dogo, ufunguo. Wafanyakazi wapo humo humo kuwaangalia. Amekwisha kuulizia mwenyewe! Ana miaka kumi na saba na amekwisha kuulizia.

Jasmin akaeleza taratibu. Baba akikubali, Belyse anahamia tu. Akikataa, manispaa inapeleka shauri mahakamani, na huko Belyse ana wakili wake na neno lake. Hapa ukishafika miaka kumi na tano unajisemea. Sixte amekwisha kukataa. Kwa hiyo mahakama.

Nimeudhika, siwezi kujificha kwenye daftari langu mwenyewe. Chumba! Ana shangazi mzima, ana sofa inayofunguka ikawa kitanda. Kwetu Burundi shangazi ndiye mwenye neno juu ya binti wa ndugu yake. Anayetaka kumwoa anapita kwangu. Akikosewa, wa kuombwa radhi ni mimi. Sasa nimewekwa kando na msichana mwenye soksi iliyotoboka.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani. Ibada ya Kiswahili, Wakenya mbele, Wakongo kwenye kwaya, sisi Warundi nyuma kama kawaida yetu. Leo watu walinisalimia kwa ncha za vidole. Mama Laurence, mkuu wa akina mama, alinishika mkono akanivuta mpaka kwenye makoti. Alisema ukishawapa Wazungu mtoto, hawarudishi. Kwa nini hatukumalizana wenyewe kwanza? Nikamwambia aliyepiga simu ni mwalimu. Akasema sawa, lakini nani aliyemfungulia Jasmin mlango?

Sixte hakuja. Alituma ujumbe: dada, umenivua nguo mbele za watu.

Sixte huyu nilimbeba mgongoni tulipokimbilia Tanzania. Kambini Kigoma hakupata usingizi mpaka ashike sikio langu. Nina hasira naye mpaka taya zinauma, na bado najiuliza kama amekula.

Jumanne, 11 Februari

Belyse amepika chapati. Zina pembe. Nikamwuliza hii ni ramani ya nchi gani? Akasema Uswidi, shangazi, hii hapa Malmö, kula. Tumecheka. Amelala mapema. Anaendelea kufunga mlango wa bafuni kwa funguo hata akienda kunawa mikono tu.

Alhamisi, 20 Februari

Hakuna jipya. Zamu ndefu hospitali. Tarehe ya mahakama ni tarehe kumi na mbili ya mwezi ujao. Nimeambiwa nitaitwa kama shahidi, niseme ninachokijua. Nani? Mimi? Juu ya Sixte? Nimeipokea habari hiyo kwa utulivu, nikachemsha maharage, nikasahau chumvi.

Jumamosi, 22 Februari

Walikuja mchana. Mama Laurence, wazee wawili wa kanisa, na nyuma yao Sixte amebeba kreti ya Fanta za chupa. Za glasi. Sijui walizipata duka gani, zilinikumbusha nyumbani mara moja. Belyse alikuwa maktaba.

Nilijua wamekuja kufanya nini. Kwetu mtu aliyekosa haji mikono mitupu. Analeta kinywaji, anasema kosa lake mbele ya watu wazima, na aliyekosewa akikinywa, yamekwisha. Hayatajwi tena, si sokoni wala kitandani. Zamani ilikuwa pombe ya ndizi. Sisi tumeokoka, basi Fanta.

Sixte hakukaa kwenye kiti. Alikaa chini, kwenye zulia, mtu mzima mwenye mvi kidevuni. Alisema: "Dada, nimekosa, nilimpiga kwa waya. Emérithe alipoondoka nilipotea. Yule mtoto ana sura ya mama yake, akinitazama nakasirika sijui kwa nini. Sitarudia." Aliongea polepole, na nilimwamini. Bado namwamini, nadhani.

Mama Laurence akafungua chupa, akanipa mimi kwanza. Mimi ndiye shangazi. Nikanywa. Wakanywa wote. Wakaomba, wakaimba ubeti mmoja, Sixte akanikumbatia, nikasikia mgongo wangu ukilegea kama mtu aliyetua ndoo. Walipoondoka nilifagia nyumba nikiimba.

Jumapili, 23 Februari

Belyse alirudi jana jioni akaona chupa jikoni. Hakuuliza mpaka asubuhi hii. Nikamweleza kwa furaha, mjinga mimi, nikamweleza yote: baba ameomba radhi, ameketi chini, yamekwisha.

Alikuwa anapaka mkate siagi. Hakuacha kupaka. "Shangazi, nani alipigwa?"

Nikasema wewe.

"Nani alikunywa?"

Nilianza kumweleza desturi, kwamba shangazi anasimama badala ya mtoto, kwamba mimi ni mdomo wake. Akasema kwa Kiswidi kwamba ana mdomo wake. Kisha kwa Kiswahili, taratibu, ili nielewe vizuri: "Wewe umemsamehe kwa ajili yako. Ni sawa. Lakini mgongo ni wangu."

Alimaliza mkate. Aliosha kisu. Sikwenda kanisani.

Jumatano, 26 Februari

Kumbe kile kinywaji kina miguu. Jumatatu Sixte alipiga simu sosialen na kusema familia imeshapatana, dada yake amepokea radhi kwa niaba ya mtoto, kwa hiyo mtoto arudi nyumbani Ijumaa. Alisema hivyo kwa moyo safi! Kwake yamekwisha kweli. Hata wazee wamempa barua kuthibitisha.

Jasmin akanipigia kuniuliza kama ni kweli. Nilisema kinywaji nilikunywa, ndiyo. Akasema lazima amwulize Belyse mwenyewe.

Leo Belyse amesema hataki kukaa hapa akisubiri mahakama. Kwangu mlango unafunguka kwa kila mtu, alisema. Si kwa ubaya, alisema pia. Wamempatia familia ya kumpokea kwa muda huko Haninge. Nilimfungia chapati kwenye foili, akazichukua. Alinipa mkono mlangoni kama mgeni! Kisha akarudi akanikumbatia, haraka haraka, akaingia kwenye lifti.

Nimeumia. Naandika tu hivyo, nimeumia, na kinachouma zaidi ni kwamba yuko sahihi. Nilidhani Jasmin ndiye aliyenipokonya mtoto. Jasmin hata siku moja hakuacha kumwuliza.

Jumapili, 2 Machi

Nilimwuliza Mama Laurence jinsi ya kurudisha kilichonywewa. Alinitazama kama nimetukana. Alisema katika maisha yake yote hajaona mtu akirudisha. Nikamwambia basi atamwona mmoja. Sijui nilipata wapi ulimi ule.

Ijumaa, 7 Machi

Nilitoka kazini nikashuka kwa Sixte. Nilikuwa nimejipanga njia nzima kwenye treni kutoka hospitali, Flemingsberg, alipofungua mlango yote yakanitoka. Alikuwa anapiga pasi shati. Friji imejaa, alinifungulia nione: maziwa, mayai, kuku mzima. "Ya Belyse," alisema.

Nilisema nimesimama, koti sijavua. Nikamwambia nilikunywa kisichokuwa changu. Radhi aliyoniomba mimi, nimeipokea, na kwangu nimemsamehe. Ya Belyse sikuwa nayo mkononi, kwa hiyo hana haki ya kuipeleka sosialen wala mahakamani.

Alizima pasi. "Utasema nini huko?"

"Nitasema friji ilikuwa tupu na nilijua. Nitasema waya, kwa sababu mwenyewe uliniambia, umekaa pale kwenye zulia langu."

"Niliyosema pale yalikuwa yamekwisha, dada. Yale hayatajwi."

Hapo ndipo nilipoelewa ninachokifanya. Kwetu mtu anayetaja yaliyokwisha kunywewa hana jina. Hata ndugu zetu waliobaki kule watasikia. Nikasema nitayataja.

Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. Alisema anataka mtoto wake tu, na kwamba akipewa chumba chake hatarudi tena, atakuwa amekwisha. Nikamwambia labda ndiyo njia pekee ya yeye kurudi siku moja, akiwa na ufunguo wake mfukoni. Hakunielewa, au alinielewa. Akachemsha chai. Nikavua koti, tukanywa.

Jumanne, 11 Machi

Nimepiga pasi gauni la bluu. Nimelibadilisha na la kijivu. Nimerudi kwenye la bluu. Belyse amenitumia picha ya mlango — wamempeleka kuona chumba Flemingsberg, kipo kama mahakama itaamua hivyo. Mlango mweupe, hauna kitu. Sikujua niandike nini. Nikaandika: mzuri.

Jumatano, 12 Machi

Mahakamani. Niko kwenye korido. Mashahidi wanasubiri nje mpaka waitwe, kwa hiyo nimekaa kwenye benchi na daftari langu, wanaume wa suti wanapita na kahawa. Ndani wapo asubuhi yote: Jasmin, mawakili, Sixte, mkalimani, na Belyse. Nilimwona akiingia. Amesuka. Nani alimsuka huko Haninge? Amemsuka vizuri.

Mapumziko. Wametoka. Sixte amekaa kwenye benchi la upande wa pili, karibu na dirisha, ameweka koti lake kando. Wakili wake yuko kwenye simu mbali kidogo. Belyse amesimama na wake, wanaongea kwa sauti ya chini, wakili anatikisa kichwa kukubali.

Amekuja. Amekaa karibu yangu, bega kwa bega, anatazama mbele. Nimemwuliza imekuwaje.

"Nimesema yote," amesema. "Mwenyewe. Jaji aliniuliza mimi, akasubiri."

Nimemwambia vizuri, mwanangu.

Amesema baba alilia mkalimani alipokuwa anamtafsiria. Kisha: "Shangazi, nenda ukae naye. Mimi nina wakili, nina Jasmin, nina wewe. Yeye hana mtu."

"Nikikaa naye, wewe utaonaje?"

"Nitaona umekaa na mdogo wako. Ukiitwa, sema ukweli. Fanya yote mawili." Ameinuka kwenda kunywa maji.

Nimemtazama Sixte. Amekunja mikono katikati ya magoti, anatazama viatu vyake. Amevaa lile shati alilokuwa anapiga pasi.

Nimeandika haya ili mikono ipate kazi. Nitakwenda. Dakika moja tu nimalize mstari huu niende nikakae naye.

Mlango umefunguliwa. Wanaita jina langu. Sixte ameniona nikianza kuinuka na ameondoa koti lake kwenye benchi, ameliweka mapajani, nipate pa kukaa.