Ile Meza Uliyoahidi Kuirudisha

Baba Zuhura, mume wangu,

Nisingekusumbua huko ulikopumzika, lakini ahadi uliyoitoa kwa mdomo wako imekuja kunigongea mlango mimi, hapa Hallunda, Uswidi. Wale Wanorwei wameandika barua. Wanataka meza yao.

Unaikumbuka siku tuliyofika kule kwao? Sisi watu wa Buyenzi, pale Bujumbura, ambako jirani akikohoa unampa pole kupitia ukutani, tukapelekwa kwenye fyodi. Bahari imeingia katikati ya milima, nyumba chache huku, nyumba chache kule, na katikati maji meusi. Nikakuambia, "Hapa hata mwizi hafiki." Ukacheka. Ukapata kazi ya kusafisha ofisi ya komine, ile serikali yao ndogo ya mtaa, na badala ya kusafisha ukawa unakaa na wazee kuwauliza historia. Chakula kinapoa, wewe unanisimulia mambo ya watu waliokufa kabla babu yako hajazaliwa.

Nilijifanya sisikii. Nilisikia yote. Kwamba zamani pande zote mbili za maji zilikuwa chini ya komine kubwa ya mbali, na kwenda kanisani au kikaoni ni kupiga makasia siku nzima, hata maiti alivushwa hivyo hivyo. Wakachoka, wakaomba komine yao wenyewe, wakapewa. Kupewa tu, ugomvi: ofisi ikae upande gani? Kaskazini hawataki, kusini hawataki. Wakakata shauri kikao kiwe mwezi huu huku, mwezi ujao kule. Na meza je? Hakuna upande uliokubali mwenzake alale na meza. Basi kila mwezi, iwe mvua iwe theluji, watu wazima wenye ndevu wanaipakia meza kwenye mashua na kuivusha kwa makasia!

Nilikuambia, "Hao wangekuwa wanawake, wangechonga meza mbili siku ile ile." Ukakasirika, ukasema sielewi utawala. Mimi? Niliishia darasa la tatu, sawa, lakini niligawana jiko moja na wake wa kaka zako watatu na hakuna aliyetoka na jeraha.

Halafu wakatoboa njia ya magari chini ya maji, na serikali ikaona komine ndogo haifai, ikaiunganisha na jirani zake. Wakang'oa kibao cha barabarani chenye jina lake. Ulilia, usikatae, nilikuona umesimama na ndoo yako ya kudekia. Mtu wa Buyenzi analilia komine ya Wanorwei! Lakini na mimi siku ile sikupika.

Ikabaki meza. Kaskazini wanasema yetu, kusini wanasema yetu. Ndipo mkuu wao wa mwisho, yule mama mrefu, akakuita mbele ya watu akasema, "Wewe si wa huku wala wa kule. Kaa nayo." Ungesema asante ukanyamaza. Wapi! Ukatoa kifua: "Nitaitunza mpaka siku mtakapopatana." Nikakufinya. Nilijua hao hawapatani leo wala kesho.

Tulipohamia huku kwa binti yetu, meza ikaja nayo, ikaingizwa kupitia dirishani na jengo zima limetoka kutazama. Imekula nusu ya sebule. Juu yake nimesukuma chapati za Idi zote. Mjukuu wako Mariamu amejifunzia hapo kuandika, na alipoichora kwa wino ukamtetea, eti hata madiwani walichora. Wakongomani, Wakenya, Watanzania, wote wamekaa hapo wakibishana nani anaongea Kiswahili sawasawa, na wote wameshindwa na mimi. Na hapo ndipo uliegemeza kiwiko asubuhi ile ya mwisho, ukalalamika chai haina tangawizi. Ilikuwa nayo.

Sasa wanaandika wamepatana. Nikasema sitoi. Nikamtuma Mariamu awajibu kwamba meza imeungua. Akaniambia kwa Kiswidi chake, "Mormor," yaani bibi, "hairuhusiwi kudanganya." Mtoto wa miaka kumi na miwili ananifundisha adabu! Nikamwambia basi piga simu, niwasikie kwa masikio yangu.

Walikuwa wazee wawili kwenye simu moja, mmoja wa kila upande.

"Itakaa kaskazini," akasema wa kwanza.

"Mpaka majira ya joto tu," akadakia wa pili. "Baada ya hapo ni kwetu."

"Na mtaipitisha kule chini, kwa gari?" nikauliza.

Wakajibu wote wawili kwa pamoja, kama nimewatukana: "Kwa gari? Mama, kwa makasia!"

Baba Zuhura, nilicheka mpaka Mariamu akaniletea maji. Komine ilifutwa kwenye karatasi, lakini ugomvi wake ungali mzima, tena umenona.

Nimekubali. Si kwa ajili yao. Sitaki mtu aje kusema mume wangu alikuwa muongo. Ila nimewapa sharti: siku ya kuvusha, na mimi nimo mashuani. Mimi niliyekataa kuipanda miaka yote uliyonibembeleza. Nitavaa kitenge changu cha bluu, na jaketi la kuelea juu yake, na ole wake atakayecheka.

Wanakuja kuichukua Jumamosi. Leo nimeipangusa kwa mafuta. Mariamu ameshapanga kochi litakaa wapi, nimemwambia atulie kwanza.

Droo lakini haiendi popote. Ile uliyoichonga mwenyewe kwa mbao tulizonunua Skärholmen, ukaipachika chini ya meza kwa ajili ya miwani yako. Meza ya komine haikuwa na droo, na wakiuliza nitawajibu. Nimeichomoa, iko kando ya kitanda changu, miwani imo ndani, na ile alama ya kidole chako kwenye kioo sijaifuta.

Haya, lala. Nikifika katikati ya maji nitakuita kwa sauti. Uitike, usijifanye husikii.

Mkeo,
Mama Zuhura