Nilimlipia Mwanangu Foleni ya Haraka, Mimi Nikabaki Nyuma

Mpendwa mshauri Bi Lila, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho hata kama utaona jambo lenyewe ni la mchezo, maana kweli lilianzia kwenye michezo, lakini mimi sasa sicheki.

Naishi Kilburn, chumba kimoja na kajiko, kazi yangu ni kutunza wazee katika nyumba ya wazee, na nina binti mmoja, Gladness, ana miaka kumi na mmoja. Nilimwacha Moshi kwa mama yangu akiwa na miaka mitatu na nusu, nikaja huku nikisema ni mwaka mmoja tu, na wewe unajua mwaka wa Landani unavyorefuka, ikawa saba, meno yake yakang'oka na kuota nikiyaona kwenye simu, na kila Jumapili alipouliza utanichukua lini nilikuwa namwambia ukija nitakupeleka kwenye mabembea makubwa, yale ninayoona matangazo yake ubavuni mwa mabasi, kuna kitreni kinapanda juu mpaka unaona paa za nyumba zote halafu kinaporomoka watu wakipiga mayowe, tutapanda mimi na wewe. Mimi na wewe, Bi Lila, ndivyo nilivyokuwa nasema, miaka saba. Mwaka jana vibali vikakamilika, akaja. Uwanja wa ndege alinipa mkono akasema, "Shikamoo, Mama Landani," kwa sababu "Mama" peke yake ni jina la bibi yake.

Basi Pasaka hii nikanunua tiketi mbili kwa simu, nikafunga maandazi na mayai ya kuchemsha, tukapanda treni halafu basi, karibu saa mbili za safari, kumbe siku hizi tiketi ni kitu kimoja na siku ya kuingia ni kitu kingine, ukishalipa unatakiwa urudi tena sehemu nyingine ya mtandao wao uchague tarehe na saa, usipochagua hiyo tiketi yako ni pambo, na mimi sikujua, mimi nilijua mtu akilipa amelipa. Dada wa getini akapitisha mashine yake akasema kwa upole wao ule, "You have tickets, but no reservation, my love. Leo pamejaa," yaani hilo la kujaa alisema kwa Kiingereza pia lakini nilivyolisikia mimi ni kama alinitamkia kwa lugha ya mama yangu. Tukatoka tukakaa kituo cha basi nje ya ukuta wao, basi lenyewe linakuja kila baada ya saa nzima, tukisikia watu wanavyopiga mayowe ndani, tukala maandazi yetu pale, masikio yangu yanawaka kwa aibu, Gladness akawa ananihadithia habari za ng'ombe wa bibi yake aliyegoma kukamuliwa mpaka aimbiwe, tena akaimba, na kurudi akalala begani kwangu tangu tulipopanda treni mpaka Kilburn, akalowesha koti langu kwa mate. Nikaapa kuwa sitamwaibisha mwanangu mara ya pili.

Hapo ndipo Kelvin, Mkenya tunayefanya naye kazi, aliponiambia, "Siste, hata ukiingia, ile foleni ya kawaida utazeeka ndani yake. Kuna ya kulipia, unavaa ukanda mkononi, unapita kando kama mheshimiwa." Nikaangalia bei, ya watu wawili sikuiweza bila kugusa kodi ya nyumba, nikasema basi ninunue ya mtoto, mimi mtu mzima nimezoea kusimama, na tena nilidhani mtoto akiwa na ukanda mama yake anapita naye, maana nani atasimama katikati ya mtoto na mama yake? Sikuwaza kabisa kwamba milango ni miwili.

Agosti tukaenda. Safari hii tarehe niliweka, saa niliweka, getini tukapita vizuri, Gladness amevaa ukanda wake wa zambarau anaugeuzageuza. Kwenye kile kitreni kijana wa mlangoni akampima urefu akasema anaweza kupanda peke yake, mimi nielekee kule, na kule kulikuwa na ubao umeandikwa dakika mia na kumi. Gladness akaniangalia. "Niende, Mama Landani?" Nikamwambia nenda mwanangu, nenda, nitakukuta mbele. Sijafika hata kwenye kona ya kwanza nikamwona ng'ambo ya uzio, nywele zimesimama, anapunga. "Nimemaliza! Niende kingine?" Nikasema nenda. Siku nzima, Bi Lila, nilikuwa nasema nenda. Mimi nilipanda kitu kimoja tu, hicho kitreni, nimekaa na mwanamume ambaye hata hakunisalimia, na nilipokuwa juu kabisa nikamwona Gladness chini kwenye benchi, ameshikilia mkoba wangu niliompitishia juu ya uzio, ananisubiri mimi.

Pale pa kutokea wanauza picha ambazo mashine inawapiga watu wakati wanaporomoka. Nikanunua ya kwake. Amefumba macho, mdomo wazi, na mkono wake umemng'ang'ania mwanamke aliyekaa pembeni yake, Mzungu wa makamo mwenye miwani. Nikamuuliza huyu ni nani? Akasema, "I don't know. Niliogopa nikamshika tu. She was nice." Ameibandika ukutani juu ya kitanda, na kila asubuhi kabla sijaamka vizuri naiona, mwanangu ameshika mkono wa mtu mwingine mahali nilipomwahidi wangu. Namwonea wivu mwanamke nisiyemjua jina, mimi mtu mzima, muumini, naimba kwaya.

Wiki iliyopita alikuwa anakunja sare zake za shule akaniuliza, bila kulia, bila hasira, "Nikirudi kwa Mama, utakuwa unanitumia vitu kama zamani?" Nikamwambia kwani hapa hupendi nini? Akasema, "Nothing. Ni pazuri tu."

Nimeshachukua zamu zote za Jumamosi mpaka likizo ya Oktoba ili safari hii ninunue kanda mbili za haraka, yake na yangu, lakini nilipomwambia akasema si lazima. Sasa nakuuliza wewe uliye mkubwa wangu, nimrudishe kwa bibi yake ambako moyo wake uko, au nikazane na hizo zamu nimpeleke? Nilikuwa na hamu naye miaka saba akiwa mbali, na sasa tunalala chumba kimoja, namsikia anavyopumua, na hamu haijaisha, nahisi imezidi.

Ni mimi,
Mama Gladness, Kilburn

*

Marahaba, mwanangu. Nimekusoma mpaka mwisho, tena mara mbili, na mara ya pili ilibidi nivue miwani niifute. Pole sana. Nimeshakupa pole, sasa nikukaripie.

Tuanze na hao wenye mabembea, nisije nikaambiwa ninawatetea. Kumuuzia mtu tiketi isiyo na siku ni sawa na kumuuzia kiatu cha kushoto na kumwambia cha kulia akakiombe dirisha lingine. Na kuwagawa watu milango miwili, mwenye nacho apite na asiye nacho asubiri, hata wajukuu zangu wanasema ni uonevu, na wajukuu zangu hawalalamiki isipokuwa intaneti ikikatika. Waandikie barua kali, haki yako. Lakini neno "nenda" halikutoka kinywani mwao.

Unajua ulichofanya siku ile? Ulikula ukoko. Sisi wanawake tuliolelewa kule, wewe Mchaga wa Moshi, mimi Mhindi wa Tanga, tumefundishwa jambo moja: mtoto apakuliwe wali mweupe, mama abaki jikoni akwangue sufuria na kusema ameshiba. Nyumbani haikuwa na neno, maana jikoni na mkekani ni hatua tano, mtoto anakusikia unavyokwangua. Wewe ulipanda ndege na desturi hiyo. Ukamtumia wali Moshi, ukoko ukaulia Landani. Na alipokuja, badala ya kukaa naye sahani moja, ukamtafutia wali mwingine ng'ambo ya uzio! Ni mapenzi, najua, wala sikudharau. Ila mtoto wa miaka kumi na mmoja haoni ulichojinyima. Anachoona ni kwamba kila akipewa kitu kizuri, mama yake hayupo.

Ndiyo maana akakuuliza kama utamtumia vitu. Hakusema anataka kuondoka, rudia maneno yake uone. Anajaribu kujua kama kuna tofauti kati ya mama wa kwenye simu na mama wa Kilburn, na wewe ukamjibu kwa kwenda kuchukua zamu za Jumamosi. Mwanangu!

Halafu hebu jisome mwenyewe pale kituo cha basi. Umeiandika siku ile kwa aibu, mbio mbio, upite ufike kwenye jambo kubwa. Ng'ombe wa kuimbiwa, maandazi, mtoto kakulalia begani mpaka koti limelowa. Hicho ndicho ulichokililia miaka saba, ukakipata bure nje ya ukuta wao, ukaenda kuapa kisitokee tena. Hapo, ungekuwa karibu, ningekugonga na mwiko.

Nikwambie na langu. Mwaka tuliouza duka letu hapa Rayners Lane, marehemu mume wangu Yogesh aliamua kunipeleka sehemu kama hiyo, watu wazima sisi, mimi na sari yangu na raba. Tukasimama foleni karibu saa mbili. Miguu inaniuma, namlaumu yeye, serikali na jua. Katikati ya foleni akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia miaka thelathini: kwamba siku ya kwanza alipoletwa kwetu Tanga kuniona, aliwasikia dada zangu ukumbini wakicheka masikio yake, akataka kutoroka kupitia mlango wa uani, ila mimi nikaingia na chai. Nilicheka mpaka watu wakageuka. Bembea lenyewe lilikwisha dakika mbili, hata rangi yake siikumbuki. Leo Mungu akinirudisha kwenye foleni ile, miguu iume inavyotaka, sitaomba isogee.

Sasa sikiliza ufanye ninayokwambia. Zamu za Jumamosi zirudishe, zote, kesho asubuhi, na Kelvin mwambie asante ila ushauri wake wa uheshimiwa abaki nao. Habari ya kumrudisha mtoto iweke kando mpaka yeye mwenyewe atamke kuwa anataka. Siku mtakayopata nauli ya kwenda kumsalimia bibi yake mwende wawili, mrudi wawili, na huyo bibi aendelee kuitwa Mama, kazi ya mama kaifanya, hilo jina amelitolea jasho. Wewe la kwako litakuja likitaka, usilidai.

Leo jioni, kabla hajafungua vitabu vya shule, mkalishe umwambie ulikosea. Mwambie, "Siku ile sikutaka uende peke yako, nilitaka kuwa na wewe, nikasema nenda kwa sababu ndivyo nilivyozoea." Useme hivyo hivyo, bila pilau, bila kiatu kipya, maana ukifuatisha zawadi atasikia zawadi tu. Akinyamaza, mwache anyamaze. Na ile picha isiguswe. Yule mama mwenye miwani alimshika mwanao alipoogopa, mwombee heri, wivu huo utakuzeesha.

Oktoba mwende. Akisema si lazima, mwambie ni wewe unayetaka, tena ni kweli. Tiketi za kawaida, mbili, na tarehe uiweke papo hapo, uione imeandikwa kabla hujafunga simu, usinitie aibu mara ya pili. Kanda za haraka msinunue hata wakizipunguza bei getini. Beba maandazi. Mkiingia foleni, simu zote mbili mkobani. Usimhoji kama afisa wa uhamiaji. Simama tu, lalamika kidogo kuhusu miguu, yeye ataanza. Na akikuhadithia ya Moshi, wewe mhadithie ya miaka saba, ulikuwa ukilala wapi, ukila nini, Jumapili ulikuwa ukifanya nini baada ya kukata simu. Hayo hajawahi kuyasikia. Kama unakiogopa kitreni, sema unakiogopa, asijifanye shujaa peke yake.

Mtasimama sana, mtachoka, pengine mtanyeshewa, mtapanda vitu viwili tu kutwa nzima. Sawa. Mkifika mbele kabisa, mfanyakazi atauliza mko wangapi, ndipo awapangie viti. Usimsukume mtoto mbele, wala usirudi nyuma hata hatua moja. Mshike mkono, ujibu wewe, kwa sauti watu wasikie: tuko wawili.

Bi Lila, Rayners Lane