Mjomba Alinisemea Chantilly

Euless, mji wetu huku ughaibuni, Jumamosi jioni. Mchana mvua ya mawe iliyapiga magari yote ya hapa kwenye fleti. Sasa kumetulia. Mama anaongea na Mombasa kwa kadi ya simu. Laini ni moja; akikata tu, nitaingia mtandaoni niyaweke haya hapa.

Siendi Chantilly.

Ni mji mdogo karibu na Paris. Darasa letu la Kifaransa linakwenda huko mwezi wa sita. Una kasri lililozungukwa na maji, na ndani yake mna picha za kale ambazo haziruhusiwi kutolewa nje hata kwa kuazimwa. Anayetaka kuziona sharti aende mwenyewe. Niliposoma hivyo, nilihisi kama naitwa.

Kwetu msichana hamwendei baba yake na jambo kubwa. Hutafuta mtu mzima wa kumsemea. Nilimchagua Mjomba Salim, kaka yake Mama, dereva wa lori huko mji wa Mesquite, kwa sababu Baba hucheka akiwa naye. Nilimfundisha yote niliyoyasoma kuhusu mji ule.

Yote.

Leo akaja, akala biriani, akaanza vizuri. Kasri. Picha. Nilikuwa jikoni nasikiliza, na Baba alikuwa akiitikia, "Mm. Mm." Kisha Mjomba akanogewa.

"Na mbio za farasi, shemeji! Mji ule wajulikana Ulaya nzima. Matajiri waja na makofia yao, waweka pesa..."

"Waweka pesa wapi?"

"Kwa farasi. Lakini farasi wenyewe waishi kifalme! Banda lao ni jumba. Mkuu aliyelijenga, wasema, aliamini akifa atarudi duniani awe farasi."

"Astaghfirullah! Salim, mwanangu nimpeleke kwenye kamari, kwa watu wanaotaka kuwa farasi?"

"Huyo alikufa zamani, shemeji."

"Na amerudi?"

Mjomba alicheka. Baba hakucheka.

"Mwambie mtoto, hapana."

Alimwambia Mjomba, ingawa mimi nilikuwa nyuma ya ukuta tu. Na jibu likishapitia kwa mtu mzima limekwisha. Nikilifufua, nitakuwa nimewavunjia heshima wote wawili.

Mlangoni Mjomba aliniambia kwa sauti ya chini, "Nisamehe, mwanangu. Nilidhani farasi watampendeza." Simchukii. Natamani ningeweza kumchukia, pengine isingeuma hivi.

Nilifungua bomba la sinki kwa nguvu ili nilie bila kusikika. Jumatatu mwalimu atataka majina. Wenzangu watajadili nguo za safari, nami nitasema nini? Kwamba sikutaka?

Kabla ya kushika simu, Mama aliulizwa na Baba kama nimelia. Akamjibu, "Muulize mwenyewe."

Baba hajaniuliza. Nasikia anatembea sebuleni, anasimama, anatembea tena. Nimeuacha wazi mlango wa chumba changu.

Akiingia, nitaweza kumwambia kwa mdomo wangu mwenyewe?